Kutengeneza rozari kwa mkono ukiwa unakaa chumba kimoja mjini: vipimo, mafundo, na maswali ya Kanisa

#1 FundiShanga (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo.

Wadau, maswali ya rozari za mkono yametawanyika kwenye nyuzi nyingi: huku mtu analia fundo linateleza, kule shanga hazitoshi, mwingine anauliza kama Kanisa linaruhusu kuuza. Nayakusanya hapa. Hii ni kazi inayomfaa mkaaji wa mjini kwelikweli. Haitaki karakana, haina kelele ya kumwamsha jirani wa ukuta wa pili, na vifaa vyote vinaingia kwenye kopo moja la biskuti.

Naanza na hesabu, maana ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Rozari ya makumi matano (kumi moja ni Salamu Maria kumi) ina shanga 59. Za Salamu Maria ni 53: 50 kwenye duara na 3 kwenye mkia, yaani sehemu inayoning'inia na msalaba. Za Baba Yetu ni 6: 4 kwenye duara na 2 kwenye mkia. Duara lina nne, si tano, kwa sababu Baba Yetu ya kumi la kwanza husaliwa kwenye ushanga wa mkia ulio jirani na medali ya kati (kwenye rozari ya kamba, fundo linalofunga duara). Anayeongeza wa tano kwenye duara anapata shanga 60, na anayesali anafika pale pa medali akiwa na Baba Yetu mbili zinazofuatana asijue ya pili ni ya nini.

Kwa anayeanza nashauri kamba kabla ya waya. Unahitaji:

– kamba ya nailoni iliyosokotwa, unene wa milimita 1.5, urefu wa mita 1.8
– shanga 53 za milimita 8, na 6 za rangi nyingine au kubwa kidogo
– msalaba wenye pete juu
– mkasi mkali, kiberiti cha gesi, sindano nene isiyo na ncha kali
– trei au sahani pana iliyotandikwa kitambaa, shanga zisikimbilie chini ya kitanda

Tundu la ushanga lisipungue milimita 2, la sivyo kamba itakwama njiani. Lisizidi 3, la sivyo fundo litazama ndani yake. Pima tundu kwa kamba yenyewe kabla ya kununua kwa wingi. Ukubwa ulioandikwa kwenye pakiti ni wa ushanga, hausemi lolote kuhusu tundu.

Kwa nini mita 1.8? Shanga 59 za milimita 8 zinakula sentimita 47. Kuna mafundo 13, kila moja linameza kama sentimita 4, jumla 52. Ongeza nafasi ya sentimita 1 kwenye kila kumi, kisha sentimita 30 za kushikia miishoni. Hapo unakaribia 135. Zinazobaki ni za makosa ya mkono mgeni. Mkono ukizoea, mita 1.5 inatosha.

#2 FundiShanga

Naendelea na namna ya kufunga.

Choma ncha moja ya kamba kidogo ili isichambuke, iviringishe ikiwa bado na joto (si kwa kidole kitupu, tumia ubavu wa mkasi) ipate ncha kama sindano. Ncha ya pili ibane kwa kibanio cha nguo, ukiacha sentimita 15 za ncha fupi.

Ingiza shanga 10. Acha nafasi ya sentimita 1. Nafasi hiyo si mapambo: vidole lazima viweze kusogeza ushanga mmoja hadi mwingine, na kumi lililobanwa linamlazimisha anayesali kutazama badala ya kupapasa. Sasa funga fundo, ingiza ushanga wa Baba Yetu, funga fundo lingine. Rudia mpaka uwe na makumi matano na Baba Yetu nne katikati yake. Hapo una mafundo 8.

Fundo lenyewe: anza kama unafunga fundo la kawaida, lakini ncha ipite ndani ya kitanzi mara tatu badala ya moja. Usivute bado. Chomeka sindano ndani ya kitanzi na ukisukume mpaka kiguse ushanga, ndipo uvute polepole huku sindano ikikizuia kisikimbie. Linapobaki kidogo kukaza, chomoa sindano na umalizie kwa kucha za vidole gumba. Ukivuta bila sindano, fundo litakazana sentimita 2 mbali na ushanga, na la nailoni likishakazana limekazana.

Kufunga duara: leta ncha zote mbili pamoja na ufunge fundo moja la nyuzi mbili, lipite mara mbili. Hilo ni la 9. Ncha fupi ikate ukiacha milimita 3 na uiyeyushe. Ndefu inaendelea na mkia: ushanga wa Baba Yetu, fundo, shanga 3 za Salamu Maria, fundo, Baba Yetu, fundo, msalaba. Pete ya msalaba ipitishwe kamba mara mbili kisha fundo la mwisho, la 13.

Kuyeyusha: gusisha ncha kwenye ukingo wa buluu wa moto kwa sekunde moja au mbili. Ikianza kuwa nyeusi umechelewa, nailoni iliyoungua inakatika kama biskuti. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji, la sivyo inabaki kijincha kinachochoma vidole. Usibonyeze kwa ngozi: nailoni iliyoyeyuka hunata na inaendelea kuunguza hata ukikung'uta mkono. Na fungua dirisha.

#3 Shemeji_wa_Ghorofani

Mkuu, nimefuata kila hatua, lakini baada ya wiki mbili duara limerefuka. Nafasi ya sentimita 1 imekuwa kama 2. Kosa ni la fundo?

#4 FundiShanga

Si fundo, ni kamba. Nailoni mpya hunyooka ikianza kubeba uzito. Kabla ya kukata, ning'iniza kipande chote usiku kucha na chupa ya maji ya lita 1 chini yake. Asubuhi ndipo upime mita 1.8.

Kagua pia kama ni nailoni kweli. Choma kipande cha sentimita 2: nailoni inayeyuka na kufanya tone gumu; pamba inawaka na kuacha majivu mepesi yenye harufu ya karatasi. Pamba inafaa kwa rozari, ina mguso mzuri hata kuliko nailoni, ila haiyeyuki, kwa hiyo kila ncha inataka tone la gundi, nayo huoza kwa jasho la mkono mapema zaidi.

#5 DadaKoleo

Milele na milele, amina, nikijibu salamu ya juu.

Naomba niweke upande wa waya, maana kamba imeshapata wakili. Rozari ya waya kila ushanga unakaa kwenye kipande chake chenye kitanzi kila upande, na vitanzi vinashikana kama mnyororo.

Waya wa milimita 0.8 ndio wa kuanzia. Wa 0.6 unapinda vizuri lakini vitanzi vyake hufunguka mtu akivuta. Juu ya 1 vidole vinachoka na matundu mengi hayaupitishi. Koleo ni tatu: la ncha za duara la kupindia vitanzi, la ncha bapa la kushikia, na la kukatia.

Hesabu yake ni hivi. Kitanzi chenye kipenyo cha milimita 3 kinakula waya kama milimita 10. Ushanga wa milimita 8 na vitanzi viwili ni milimita 28. Mara 59 inafika mita 1.65, basi nunua mita 2 kwa kuwa vitanzi vya kwanza utavitupa. Ukitaka vitanzi vya kuzungushia, yaani mkia wa waya unaviringishwa mara mbili shingoni chini ya kitanzi, hesabu milimita 30 kila upande badala ya 10, na jumla inafika mita 4. Hivyo havifunguki kamwe. Vinachukua muda mara tatu, na kwa rozari itakayosaliwa kila siku naona muda huo una thamani yake.

Makosa ninayoyakuta zaidi kwenye rozari za kurekebisha:

Kitanzi kimefunguliwa kwa kukipanua kama mdomo. Kifungue kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama mlango, kisha ukirudishe njia ileile. Kilichopanuliwa hakirudi duara tena, kinabaki na mwanya, na kitanzi cha jirani kinatokea hapo.

Waya wa alumini. Unapendeza, ni mwepesi, ila ni laini mno, unapinda mfukoni. Shaba inashikilia vizuri lakini jasho linaifanya kijani na kuacha doa kwenye vidole na kwenye nguo nyeupe. Chuma cha pua ndicho bora kuliko vyote na ndicho kigumu kupinda, kwa hiyo jifunze kwa shaba, umalizie kwa chuma cha pua.

Na vipande vya waya vinavyoruka wakati wa kukata! Funika ncha kwa kidole au kitambaa kabla ya kubana koleo. Kipande cha milimita 5 kinafika jichoni haraka.

#6 Mwana_wa_Zamu

Maelezo mazuri sana, dada. Swali langu ni la imani. Ikishakamilika, inakuwa rozari takatifu tayari au mpaka padre aibariki? Na mtu akisalia ambayo haijabarikiwa, sala inahesabiwa?

#7 KatekistaMzee

Ndugu Mwana wa Zamu, sala inahesabiwa hata ukitumia vidole vyako kumi. Rozari ni sala. Shanga ni kifaa cha kukusaidia kuhesabu ili akili ibaki kwenye tendo unalolitafakari, yaani tukio la maisha ya Yesu na Maria. Mungu hasikii shanga.

Kubarikiwa kunaongeza jambo jingine. Rozari iliyobarikiwa na padre au shemasi inaingia katika visakramenti, yaani ishara takatifu zilizowekwa na Kanisa, ambavyo Katekisimu inavieleza kuanzia namba 1667. Anayeitumia kwa ibada anapata rehema isiyo kamili, yaani ondoleo la sehemu ya adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Kama ilibarikiwa na Papa au askofu, anaweza kupata rehema kamili (ondoleo la adhabu hiyo yote) tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, akiongeza ungamo la imani, mfano Nasadiki, pamoja na masharti ya kawaida.

Kubariki hakuhitaji miadi mirefu. Baada ya Misa msogelee padre akiwa bado na stola (kitambaa kirefu cha ibada cha shingoni), mkabidhi zikiwa wazi mkononi, si ndani ya mfuko uliofungwa kwa mafundo matatu. Ukiwa na 40 kwa pamoja, mwarifu kabla ya Misa.

Sheria za Kanisa, kanuni 1171, inataka vitu vilivyobarikiwa viheshimiwe na visigeuzwe kwa matumizi yasiyofaa. Kutokana na hiyo watu huuliza kuhusu kuvaa shingoni. Hakuna kanuni inayokataza kuivaa. Kinachopimwa ni nia: anayeivaa ili iwe karibu naye na aisali, sawa, anayeivaa kama kidani cha kulinganisha na viatu, huyo ameigeuza.

#8 Mwana_wa_Zamu

Asante, mwalimu. Na biashara je? Hapa nilipo watu wengi wanatengeneza jioni wakitoka kazini na wanataka kuuza ili warudishe gharama ya vifaa.

#9 KatekistaMzee

Uza, lakini uza kabla haijabarikiwa. Bei iwe ya shanga, waya na kazi ya mikono yako. Mnunuzi aipeleke mwenyewe kwa padre.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, kanuni za rehema zinasema rehema iliyoambatana na kifaa hukoma kifaa hicho kinapoharibika kabisa au kinapouzwa. Aliyenunua iliyobarikiwa itabidi aipeleke ibarikiwe tena. Ya pili ni nzito zaidi: Katekisimu namba 2121 inakataza kununua na kuuza mambo ya kiroho. Tangazo linalosema «imebarikiwa», huku bei ikiwa imepanda kwa sababu hiyo, linauza baraka. Futeni matangazo ya namna hiyo.

Kumpa mtu zawadi hakuondoi chochote. Kuirithi vilevile.

#10 Pancha

Mimi nilifundishwa kwamba rozari ikikatika tu, baraka imetoka. Sasa hiyo «kuharibika kabisa» ni ipi?

#11 KatekistaMzee

Ni pale ambapo haitambuliki tena kama rozari. Uzi uliokatika unaunganishwa, ushanga uliopotea unarudishiwa mwingine, msalaba uliovunjika unabadilishwa, nayo ni ileile. Shanga 59 zikiwa zimetawanyika na msalaba umepotea, umalize kwa kutengeneza upya kisha upeleke ibarikiwe.

Ambayo haitengenezeki: utaratibu wa siku zote ni kuchoma au kuzika. Mti na pamba choma, majivu yafukiwe. Chuma zika. Plastiki usiichome ndani ya nyumba, moshi wake ni sumu na ghorofani hauna pa kutokea. Itenganishe vipande na uzike. Usiye na bustani hata ya futi moja, peleka parokiani. Sakristia nyingi hupokea vitu vya namna hiyo na kuvizika pamoja.

#12 MamaMapacha

Habari za humu. Naomba mwongozo wa rozari ya mtoto. Umri wa miaka 2 na mwingine wa miaka 7.

#13 DadaKoleo

Dada, kwa wa miaka 2 usimpe shanga ndogo kabisa. Chini ya miaka 3 kila kitu kinaishia mdomoni, na ushanga wa milimita 8 ni saizi inayoziba koo. Mpe rozari ya mafundo matupu: kamba ya pamba ya milimita 4, mafundo 10 na msalaba mdogo wa kitambaa ulioshonwa. Isizidi sentimita 20 ikiwa imenyooka, isiweze kuzunguka shingo.

Kwa wa miaka 7, kamba ya nailoni ndiyo ya hatari kuliko waya, kwa sababu fundo zuri la FundiShanga halikatiki. Mtoto akilala nayo shingoni au ikinasa kwenye kitasa, itamkaba. Mtengenezee ya kumi moja ya mkononi, au duara liunganishwe kwa kifungo cha plastiki kinachoachia kikivutwa. Kijaribu: ning'iniza duara kwenye msumari na uvute kwa mkono mmoja. Kikikataa kuachia, kibadilishe.

#14 Mkulima_wa_Balkoni

Naongezea hapo kwa wanaopenda shanga za mbegu. Kuna mmea wa jamii ya nyasi, Coix lacryma-jobi, unaota hata kwenye ndoo ya balkoni ukipata jua na maji. Mbegu yake ni ngumu, ya kijivu inayong'aa, na ina tundu la asili: chomoa kijiti cha katikati kwa sindano na ushanga uko tayari bila kutoboa. Zikaushe kivulini wiki mbili, kisha ziweke kwenye friza siku nne kuua wadudu waliomo. Ukiruka hatua ya friza, miezi mitatu baadaye utakuta unga chini ya rozari.

Sasa onyo, na naomba mleta uzi alipandishe kwenye bandiko la kwanza. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, Abrus precatorius, USITUMIE. Zina sumu kali iitwayo abrini. Jina precatorius lenyewe linatokana na kusali, kwa sababu zimetumika kwenye shanga za sala tangu zamani, na watu wanadhani basi ni salama. Ganda zima linaizuia sumu; ukilitoboa umeifungulia njia, na vumbi la kutoboa ndilo baya zaidi. Mbegu za mbarika nazo ni hivyohivyo, sumu yake inaitwa risini.

#15 FundiShanga

Nitalipandisha, mkuu. Asante.

#16 Mwana_wa_Zamu

Narudi kwa KatekistaMzee. Maisha ya mjini hayafuati kengele ya kanisa. Mtu ana zamu ya usiku kutoka Jumamosi saa 12 jioni hadi Jumapili saa 12 asubuhi. Mwingine ana mbio za kilomita 21 Jumapili asubuhi. Mwingine ana oda ya rozari 100 na siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Wasimame wapi?

#17 KatekistaMzee

Nachukua mmojammoja.

Wa zamu: kanuni 1248 inasema amri ya Misa inatimizwa kwa kushiriki Misa popote inapoadhimishwa kwa ibada ya Kikatoliki, siku yenyewe ya Dominika au jioni ya siku iliyotangulia. Popote maana yake si lazima parokia yako. Mjini hiyo ni neema: parokia moja ina Misa ya alfajiri, nyingine ya saa 5, nyingine ya jioni, kanisa la hospitali lina ratiba yake. Andika ratiba za makanisa matatu yaliyo kwenye njia ya basi lako na uzibandike mlangoni. Aliyetoka zamu saa 12 asubuhi alale, aende ya jioni. Misa ya ndoa ya Jumamosi jioni nayo inatimiza, maana kanuni haikudai masomo ya Dominika.

Kazi ikiziba kabisa, mathalani muuguzi wa zamu mbili mfululizo, huyo ana sababu nzito na hana dhambi. Katekisimu 2181 inataja ugonjwa na malezi ya watoto wachanga kama mifano. Hali ikijirudia kila wiki, amwone paroko, ambaye kwa kanuni 1245 anaweza kumpa ruhusa ya mtu mmojammoja au kumbadilishia kwa tendo jingine la ibada. Misa ya redioni au mtandaoni inamfariji aliyezuiwa. Haimtimizii amri anayeweza kwenda.

Wa mbio: Jumamosi jioni au Jumapili jioni, hakuna mgogoro. Aangalie mfungo. Kanuni 919 inataka saa 1 bila chakula wala kinywaji kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Saa inahesabiwa mpaka Komunyo yenyewe, si mwanzo wa Misa. Vinywaji vya rangi vya wanamichezo na zile jeli za sukari ni chakula, kahawa inavunja, maji matupu hayavunji. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wameondolewa sharti hilo.

Wa oda 100: hapa nitasema bila kuzunguka. Kanuni 1247 inakataza kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na mapumziko ya akili na mwili. Kutunga shanga Jumapili alasiri ukiwa umetulia, huku watoto wanakusaidia kuhesabu kumi, ni pumziko. Kukimbizana na oda mpaka unakosa Misa au unamfokea mkeo aliyekumwagia trei, hiyo ni kazi, hata kama unachotengeneza ni rozari. Punguza oda.

#18 Abiria_wa_Kila_Siku

Naomba kuuliza kuhusu kusali kwenye basi. Safari dakika 50, watu wamebanana, msalaba unanasa kwenye mikoba. Na rehema kamili inapatikana humo?

#19 FundiShanga

Kifaa kwanza. Kwenye basi tumia kumi moja: ushanga 1 wa Baba Yetu, 10 za Salamu Maria, msalaba mdogo usio na kona kali. Kamba sentimita 60 inatosha. Iingie yote kiganjani, mkono ukae mfukoni. Ncha za duara zifungwe kwa fundo moja lililo kubwa kuliko mengine ili kidole kijue duara limeisha bila kutazama. Rozari kamili ya makumi matano inasaliwa kwa kulizunguka duara mara tano. Hesabu duru kwa kukunja kidole kimoja cha mkono wa pili kila ukimaliza.

Dereva asishike rozari akiendesha. Na ile inayoning'inizwa kwenye kioo cha mbele inayumba mbele ya macho. Ikae kwenye kisanduku.

#20 KatekistaMzee

Kuhusu rehema: kamili hupatikana rozari ikisaliwa kanisani au katika kikanisa, ama katika familia, jumuiya ya kitawa au kundi la waamini waliokutanika kwa nia njema. Peke yako ndani ya basi ni rehema isiyo kamili. Lakini waamini wawili watatu mkipatana kusali pamoja, tayari ni jambo jingine.

Masharti ya rozari yenyewe: makumi matano bila kukatiza, kwa sauti ya midomo, huku ukitafakari matendo. Midomo ikisogea polepole inatosha, huhitaji kumsumbua jirani. Ukifuata rekodi masikioni, itikia wewe mwenyewe; rekodi haisali kwa niaba yako. Kisha masharti ya rehema kamili yoyote: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Papa, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Kamili ni moja tu kwa siku. Kitubio kimoja kinatosha kwa rehema kadhaa, Komunyo inatakiwa kwa kila moja.

Matendo kwa siku, maana huulizwa sana: Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Utukufu Jumatano na Dominika, Mwanga Alhamisi. Ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, kwa hiyo vitabu vya sala vya kabla ya hapo vina Furaha siku ya Alhamisi. Havikukosea, ni vya zamani tu.

Ukipotewa na hesabu, endelea. Salamu Maria 9 au 11 si kosa la kuungama. Na zile jumbe za simu za «tengeneza rozari 9 utume kwa watu 9 utaona muujiza, usipotuma utapata mkosi», zifuteni. Katekisimu namba 2111 inaita jambo hilo kwa jina lake, ushirikina: kutegemea tendo la nje bila moyo wa ndani.

#21 Shemeji_wa_Ghorofani

FundiShanga, nimegundua kumi la tatu lina shanga 11, na nimeshamaliza msalaba na kuyeyusha. Nikate nianze upya?

#22 FundiShanga

Usikate kamba. Kama shanga ni za plastiki au kioo, vunja huo mmoja tu. Ufunike kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, ubane kwa koleo polepole kutoka pembeni, usiubane pale kamba inapopita kwenye tundu. Plastiki itapasuka vipande viwili. Kioo kitakuwa chengachenga, kwa hiyo fumba macho au vaa miwani wakati wa kubana, kisha kung'uta kitambaa juu ya pipa, si kwenye zulia.

Nafasi ya kumi hilo itafika kama sentimita 2. Ikikusumbua, legeza fundo la jirani: chomeka sindano katikati ya mizunguko mitatu, itikise kushoto na kulia bila kuvuta, mpaka mzunguko wa nje uachie. Litakuachia kiasi cha kulisogeza milimita chache tu.

Shanga zikiwa za mti, usibane, zitachanika na kukwaruza kamba. Usage huo mmoja kwa msasa upande mmoja mpaka ufikie tundu, ushanga utatoka wenyewe.